Lori linakunywa maji baada ya ovahoo: kabla hujashusha hedi mara ya tatu

Swali: Nina lori la Kimarekani lenye injini ya Cummins NT855. Lilifanyiwa ovahoo, yaani injini ilifunguliwa na kufungwa upya, miezi minne iliyopita: slivu mpya (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), pistoni, ringi, beringi na gasketi zote. Tangu hapo linapoteza maji, lita nne mpaka tano kati ya Dar na Mbeya. Chini hakuna tone, oili haijawa nyeupe. Mipira ya rejeta inakakamaa na maji yanatapikwa, hasa kwenye kupanda. Gasketi za hedi (vichwa vya injini) zimebadilishwa mara mbili na hedi zote tatu zimeskimiwa, yaani zimesawazishwa uso. Sasa fundi anasema ninunue hedi mpya. Ninunue?

Jibu: Usinunue bado. Kwa maelezo yako, maji hayo hayavuji, yanasukumwa. Mpira kukakamaa na maji kutapikwa, huku chini kukavu na oili safi, maana yake kuna hewa au gesi inaingia sehemu ya maji na kuyafukuza. Kazi ya kwanza ni kujua gesi hiyo inatoka wapi, na hedi ni mmoja tu wa washukiwa. Kwenye injini ya aina yako wako watatu.

Wa kwanza ni moto wa ndani ya silinda. Mafuta yanapowaka, mgandamizo unapita bar 100, kwa hiyo hata ufa mwembamba kuliko unywele unatosha. Wa pili ni kompresa ya upepo wa breki. Kichwa chake kinapozwa kwa maji hayo hayo ya injini, nayo inasukuma upepo mpaka kama bar 8. Wa tatu ni aftakula, kile kipoza hewa kinachotumia maji, kama injini yako inacho. Humo hewa ya turbo inapita upande mmoja wa mirija na maji upande wa pili, na lori likiwa mlimani na mzigo hewa hiyo inazidi bar 1. Kifuniko cha rejeta hakizuii zaidi ya bar 1, vingine ni nusu ya hapo. Kwa hiyo wote watatu wana nguvu ya kukishinda, na wote watatu wanatoa dalili moja: mapovu, mpira mgumu, maji nje. Fundi anayeona mapovu akakimbilia gasketi ya hedi amebahatisha, hajapima.

Kabla ya hao watatu, ondoa mambo mawili yasiyo na gharama.

La kwanza ni ujazo. Maji yakitoka nyuzi 25 kufika nyuzi 90 yanaongezeka kwa asilimia tatu na kidogo. Mfumo unaobeba lita 40 utatoa zaidi ya lita moja kwa kuvimba tu ukijazwa mpaka mdomoni asubuhi, na utingo akijaza tena kila kituo, kila kituo lita hiyo itamwagika. Funga mwiko: maji yaongezwe injini ikiwa baridi, lori likiwa mahali tambarare, mpaka alama na si zaidi. Andika lita na kilomita kwenye daftari. Pia injini iliyojazwa haraka baada ya kufungwa hubaki na hewa kwenye hedi, kwa hiyo lita mbili au tatu kushuka siku za mwanzo si ugonjwa. Miezi minne ni ugonjwa.

La pili ni kifuniko. Angalia namba iliyogongwa juu yake ulinganishe na ile ya rejeta yako. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji yasiyobanwa pale yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kikiwa kizima na cha bar 1, yatavumilia mpaka nyuzi 117. Raba yake ikishakufa, au akikifunga mtu cha gari dogo kwa sababu kimeingia, injini nzima kabisa itatapika maji pale mlima Kitonga bila kosa lolote la hedi.

Sasa pima kompresa, kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko zote na kipimo chake hakihitaji kufungua hata boliti moja.

Tafuta kifuniko kikuukuu cha rejeta, ng'oa springi na raba ya chini, bakiza raba ya juu tu. Kikifungwa hakibani tena maji, ila kila kitakachotaka kutoka kitapita kwenye kimpira chembamba cha pembeni. Chomeka ncha ya kimpira hicho ndani ya chupa ya lita moja na nusu yenye maji nusu, izame. Lori liwe limeegeshwa tambarare, magurudumu yamewekewa vigingi, gia huru. Fungulia koki za mitungi yote ya upepo mpaka iishe, uziache wazi. Washa injini ikiwa ya baridi kabisa, ipandishe mpaka mizunguko 1,200 hivi. Dakika kumi za mwanzo puuza utakachokiona, kwani hewa iliyokwama inatoka. Baada ya hapo angalia chupa. Koki zikiwa wazi, kompresa inazunguka bila kubana kitu, kwa hiyo hata kama gasketi yake imekatika haiwezi kusukuma upepo kwenye maji.

Halafu funga koki. Mitungi ianze kujaa. Kama chupa iliyokuwa imetulia inaanza kutoa mapovu, na yanazidi kadiri geji ya upepo inavyopanda, kisha gavana (kifaa kinachoizuia kompresa kubana mitungi ikijaa) inapokata karibu na psi 120, yaani kama bar 8, mapovu yanakoma, umempata. Thibitisha: kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka upepo ushuke na kompresa ianze tena kubana. Mapovu yakirudi pamoja nayo, na kukoma tena gavana ikikata, hakuna haja ya kubishana na mtu. Hedi zako hazina kosa.

Marekebisho yake ni gasketi ya kichwa cha kompresa, na kabla ya kuifunga weka rula ya chuma juu ya uso wa kichwa uone kama umepinda au una ufa kati ya vali na njia ya maji. Ila usiishie hapo. Fungua bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda kwenye mitungi uchungulie ndani. Likiwa limejaa masizi magumu ya oili, upepo unapita kwa shida, kichwa kinapata joto kupita kiasi, na gasketi mpya itakatika kama ya kwanza. Safisha au badilisha bomba.

Kama mapovu yapo hata koki zikiwa wazi, gesi inatoka kwenye silinda. Hapo tumia ile dawa ya buluu ya kupimia gesi ya moshi. Kichupa chake kinawekwa kwenye mdomo wa rejeta na kuvuta hewa iliyo juu ya maji, na dawa ikikutana na hewa ukaa inageuka njano. Hewa ya kompresa au ya turbo haiigeuzi. Kumbuka tu kwamba injini ya dizeli ikinguruma bila mzigo inachoma mafuta kidogo sana, kwa hiyo dawa kubaki buluu gereji si cheti cha uzima. Kipimo cha kuaminika zaidi ni geji ndogo ya bar 0 mpaka 2 iliyofungwa kwenye tundu lolote la maji kwenye injini, mrija wake uletwe kebini. Toka na lori lenye mzigo. Kwenye mfumo mzima sindano itapanda polepole pamoja na joto, kisha itatulia. Kwenye mfumo wenye gesi itaruka mara tu unapokanyaga mafuta mlimani, hata joto likiwa palepale. Na ukiachia?

Ukiachia mafuta ikashuka haraka, fikiria aftakula kabla ya hedi, kwa sababu hewa ya turbo nayo inaondoka papo hapo. Kuipima, itoe, ziba njia zake za maji kwa bamba na raba, itumbukize kwenye pipa la maji ya moto, ipe hewa ya bar 2. Isitoe hata povu moja. Maji ya moto, si ya baridi: nyufa nyingi hufunguka chuma kikitanuka. Sheria hiyohiyo ni ya hedi. Karakana ikikuambia imepima hedi zako, uliza zilipimwa kwa maji ya moto au ya bomba. Wakati hedi iko mezani, waangalie pia zile slivu ndogo za shaba zinazobeba injekta (vipulizia mafuta). Zimezungukwa na maji, na mkao wake wa chini ukiwa haukukazwa au kukatwa vizuri, moto unapita pale kuingia kwenye maji na dalili zinafanana kabisa na gasketi iliyoungua.

Sasa tuseme kompresa ni nzima, aftakula nzima, hedi zimepimwa kwa moto na slivu za injekta hazina shida. Gasketi imeungua mara mbili. Basi kosa liko chini ya gasketi, mahali ambapo pengine hakuna aliyepima: urefu ambao slivu ya silinda imetokeza juu ya bloki.

NT855 ina slivu zinazoguswa na maji moja kwa moja. Kila slivu ina kola juu, na kola hiyo inakaa kwenye ngazi iliyochongwa ndani ya bloki. Hedi inapokazwa, inayobanwa kwanza si bloki, ni kola ya slivu iliyojitokeza kidogo ili ibane ule mduara wa chuma wa gasketi kuzunguka silinda. Kitabu cha injini hii kinataka itokeze inchi 0.003 mpaka 0.006, yaani milimita 0.08 mpaka 0.15. Ni unene wa karatasi. Ikiwa chini ya hapo, gasketi haibanwi, na unaweza kubadilisha gasketi mwaka mzima. Kila hedi kwenye injini hii inafunika silinda mbili, kwa hiyo moja ikiwa juu na jirani yake chini, hedi inaegemea ile ya juu na ya chini inabaki na mwanya. Kuskimu hedi hakusaidii lolote hapo.

Namna ya kupima: safisha ngazi ya bloki mpaka chuma kitupu, pembeni kabisa mwa kona, kwani chembe ya masizi iliyobaki pale ni tofauti ya vipimo vyote. Weka slivu bila oringi (raba zake za chini) kwanza. Ibane chini kwa vibano na boliti, kwa sababu slivu iliyowekwa tu inacheza na kukupa kipimo cha uongo. Weka dayo geji (geji ya sindano ya kupimia tofauti ndogo) kwenye uso wa bloki, ikanyage kola, soma sehemu nne kuzunguka: saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita, saa tisa. Sehemu hizo zisitofautiane zaidi ya inchi 0.001. Zikitofautiana zaidi, ngazi imeliwa upande mmoja na inabidi ikatwe upya na fundi mwenye mashine ya kazi hiyo, kisha ziwekwe shimu (pete nyembamba) za chuma za saizi iliyokatwa. Shimu hizo zinauzwa kwa unene tofauti kwa ajili ya injini hii. Silikoni chini ya kola si shimu. Inabanwa siku ya kwanza, siku ya kumi imeisha na slivu imezama.

Kosa hili ni la kawaida sana kwenye ovahoo za mzunguko wa pili au wa tatu. Slivu inatikisika kidogo kila mwako, miaka inapita, ngazi inalika. Fundi anatoa slivu kuukuu, anaweka mpya, anaona imeingia vizuri, anafunga. Slivu ni mpya lakini inakaa kwenye kiti kilichochoka.

Wakati slivu ziko nje, angalia mpangilio wa raba za chini. Ziko tatu: ya juu ni ile bapa, ya katikati ni oringi nyeusi, ya chini kabisa ni oringi nyekundu. Zisipinde, zisilowekwe kwenye oili usiku kucha zikavimba, zipakwe kidogo tu wakati wa kuingiza. Raba iliyovimba au kujikunja inanyanyua slivu, na ukipima baada ya kukaza utadhani ngazi ni nzima. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni bila oringi na cha pili ni pamoja nazo, na viwili hivyo vilingane.

Oili yako ni safi, kwa hiyo raba za chini huenda hazina neno leo. Lakini usiamini rangi ya oili peke yake, kwani maji kidogo hayaigeuzi kuwa maziwa, yanazama tu chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Fanya hivi jioni moja: injini ikishapoa, funga pampu ya mkono ya kupimia mfumo wa maji, ipe psi 15 (kama bar 1) kama ndiyo namba ya kifuniko chako, usizidishe, uiache mpaka asubuhi. Sindano ikishuka, zunguka injini na tochi. Tazama klipu zote, kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, vifuniko vya pembeni vya bloki, na zulia la kebini chini ya hita. Kuna klipu zinazovuja usiku wa baridi tu na kufunga zenyewe injini ikipata joto, hizo hakuna anayeziona mchana. Kisha legeza nati ya sampu polepole bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yatatoka yenyewe kwanza, kikombe au nusu, kabla ya oili.

Yakitoka, shusha sampu, tandika kadibodi safi chini ya injini, ipe psi 15 tena na ulale chini na tochi. Tone likitokea kati ya slivu na bloki, ni raba za chini. Likiteremka ndani ya slivu kupitia kwenye pistoni, limetoka juu: gasketi, hedi au slivu yenye ufa. Andika namba ya silinda kwa chaki kabla hujafanya lolote. Kukiwa na matone lakini si kwenye slivu yoyote, angalia kipoza oili. Huyu ana tabia yake inayomtofautisha: injini ikiwaka oili ina nguvu kuliko maji, kwa hiyo oili huingia kwenye maji na rejeta inakuwa na utando mweusi. Ikizimwa mambo yanageuka, maji yanaingia kwenye oili. Raba za slivu haziwezi kupitisha oili kwenda kwenye maji, kwa sababu oili iliyo chini ya slivu haina mgandamizo wa kuisukuma. Kwa hiyo rejeta yenye mafuta ya oili ni kipoza, si slivu.

Kama ukikuta maji kwenye oili, usiendeshe lori hata mpaka kituo cha mafuta. Beringi za krenki huoshwa na mchanganyiko huo na kwisha kabla ya chochote kingine.

Kuhusu ile dawa ya unga ya kuzibia, na yai, na vingine vinavyomwagwa kwenye rejeta: gesi ya bar 100 haizuiwi na unga. Kitakachozibwa ni mirija myembamba ya rejeta na njia za maji ndani ya kompresa, nawe utakuwa umeongeza joto kwenye injini iliyokuwa na tatizo moja. Kama ilishamwagwa, mfumo uoshwe kabla ya kupima chochote nilichokieleza hapa, vinginevyo vipimo vitadanganya kwa wiki moja au mbili.

Na maji yenyewe. Ukishamaliza, weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yenye dawa ya kulinda slivu iliyoandikwa kuwa ni ya injini nzito za dizeli. Watu wanadhani kulanti ni ya nchi za barafu. Kwenye slivu inayoguswa na maji kazi yake kubwa ni nyingine: slivu inapotikiswa na mwako, vipovu vidogo huzaliwa na kupasuka kwenye ukuta wake wa nje, na kila kinapopasuka kinang'oa chembe ya chuma. Maji matupu ya bomba yanaacha chuma wazi, vishimo vinachimbika mpaka vinatoboa kuingia ndani ya silinda. Mwambie fundi akuonyeshe slivu kuukuu alizozitoa wakati wa ovahoo, kama hazijauzwa chuma chakavu. Ukikuta upande mmoja wa nje una vitundu kama vya mchwa, fahamu hizo mpya nazo zimeshakaa miezi minne kwenye maji hayohayo.

Anza na koki za upepo kesho asubuhi kabla lori halijawashwa. Ni kazi ya saa moja.